Mkwe Aliyenivusha Momba

Kamsamba, bondeni
Siku ya tano baada ya Krismasi

Baba Eliza,

U hali gani huko kwetu Ruanda, milimani? Goti bado linauma, au lilipona siku ile ile nilipoondoka kwa kuwa hayupo tena wa kukutuma kuni? Mahindi umeyapalilia? Najua hujayapalilia. Mimi ni mzima, ukiacha mbu, ambao hapa ni wakubwa na adabu hawana. Eliza ni mzima. Mjukuu wako Marita ni mzima, meno mawili ya mbele yameng'oka, kelele imebaki yote. Habari kubwa ipo, lakini nitaitoa kwa mpango wangu. Usiruke mistari kutafuta mwisho kama unavyofanya na matangazo ya Boma. Soma pole pole, na ukae chini.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu. Mwinjilisti wa hapa alitaka kuniandikia, nikakataa, maana yeye anapenda kupaka maneno mafuta. Herufi zangu ni kubwa kama viazi, lakini ni zangu. Nilizipata kwenye darasa la ubatizo, na wewe ulikuwa umekaa nyuma yangu unachungulia ubao wangu. Usisahau hilo unaponicheka.

Ulinituma nije kumchukua Eliza. Ulisema mbele ya ndugu zako, "Nenda kamlete mtoto wangu kabla hajajifungua. Huko bondeni ameshazika mmoja, hatazika wa pili, wala yeye mwenyewe hatazikwa huko." Nami nilikubali, tena kwa moyo wote, usije ukasema nilikupinga. Nilisema yule mwanaume ni mchunga ng'ombe tu, ananuka maziwa, na mwaka wa tatu huu hajapanda kuja kutusalimu. Unakumbuka alivyokuja kuposa akiwa na koti la askari alilorudi nalo kutoka vita vya Wajapani huko Bama? Mimi nililiona lile koti nikiwa migombani, nikasema koti ni zuri, mtu simjui. Basi nimeteremka siku nne nikiwa na neno moja tumboni: Eliza anarudi nyumbani. Na akirudi, wewe unajua na mimi najua, huku harudi tena. Ndoa imekwisha.

Sasa sikia. Kwetu milimani mkwe akipita njiani, mama mkwe anaingia migombani, anakaa humo mpaka miguu yake isisikike, basi. Migomba ni mingi. Hapa bondeni nchi ni tambarare kama ungo. Mti mmoja hapa, mwingine kule. Miaka minane amemwoa Eliza, sijawahi kuuona uso wake wala yeye wangu, sijawahi kumsemesha wala kutaja jina lake, kama inavyotakiwa. Haya, niambie, unayashikaje hayo katika ua mmoja wenye nyumba mbili na zizi? Wiki ya kwanza nilikuwa nakimbia kutwa. Nikisikia kikohozi chake najifunika kaniki kichwani, nakimbilia nyuma ya ghala. Siku moja nimekimbia huku nimejifunika, sioni mbele, nikaingia mzima mzima kwenye hori la kunyweshea ndama. Nimekaa humo ndani ya maji mpaka akapita. Marita akaja, akasimama ananitazama.

"Bibi, umeiba nini?"

"Sijaiba kitu. Nenda zako."

"Mbona unajificha?"

"Namheshimu baba yako."

Akafikiri. "Na mimi nimheshimu? Nivue gauni kwanza?"

Ndivyo tulivyoishi. Kusemezana haturuhusiwi, na mambo ya nyumba lazima yasemwe, basi mkwe wetu alikuwa akisema na mbwa. Ana mbwa mwekundu, sikio moja limekatwa na nguruwe pori. Anasimama nje ya ua, ametupa mgongo, anasema kwa sauti: "Mbwa wangu, kama kuna mgeni humo ndani, maji ya kisima cha upande wa mkuyu yana chumvi, atumie ya upande mwingine." Nami namjibu kinu. "Kinu, asante, lakini maji hayo nimeshayaonja, nina ulimi." Mbwa anatikisa mkia. Kinu kimenyamaza. Watu wakipita njiani wanaona kina fulani wameingiwa na wazimu, lakini wakwe wote wa huku ndivyo wanavyoishi, hakuna anayecheka.

Siku ya kumi nikamwambia Eliza afunge mzigo. Nilimwambia mfanyabiashara wa ngozi anapanda juu baada ya sikukuu na punda wake, tutafuatana naye. Tumbo lilikuwa limeshashuka, nikaona kama tukiharakisha tutafika.

"Mama, mimi sitoki," akasema. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata macho.

"Utatoka. Baba yako amesema."

"Baba aje aniambie mwenyewe."

"Wewe ni nani wa kumwamuru baba yako? Huyo mumeo amekulisha nini mpaka uwe na kiburi hivi?"

"Amenilisha wali, Mama. Na maziwa. Na nilipougua homa kabla mvua hazijaanza, alinibeba kwa kitanda cha miti, yeye na ndugu yake, mpaka misheni, siku mbili, hakunitua ila kunywa maji. Hayo hamkuyasikia huko juu?"

Hatukuyasikia. Lakini sikumwonyesha kwamba neno limeniingia. Nilimwambia kubeba mke mgonjwa ni kazi ya mume, wala hakutolewi shukrani. Akacheka peke yake. Eliza ana kicheko cha mama yako, kile cha puani, kinanichukiza tangu zamani.

Mkwe alisikia yote, maana kuta za hapa ni fito na udongo. Nikangoja aje juu. Nilitaka aje juu, Baba Eliza, nakuambia kweli. Mwanaume akigombana ndipo unapojua umemshika pabaya. Jioni ile alikuwa akikamua, na nikamsikia anasema na ng'ombe, pole pole, maana siku hiyo mbwa hakuwepo: "Wewe, mwambie mama kwamba Eliza akitaka kwenda mimi siwezi kuziba njia. Lakini aende akiwa amepona. Asipandishwe mlima na tumbo hilo. Akijifungua salama na bado anataka kwenda, nitambebea mzigo mimi mwenyewe mpaka mahali ambapo Ruanda inaonekana." Halafu akaendelea kukamua. Kinu kilikuwa karibu, nikakipindua, nikaingia kulala.

Sasa Krismasi. Hapa Krismasi ni wali. Kwetu tunajua ugali wa ulezi na maharage, na mimi katika ugali hakuna wa kunifundisha toka Ruanda mpaka Vwawa. Eliza alikuwa amechoka, mgongo unamuuma, nikamwambia kaa, mimi nitapika. Akaniambia, "Mama, wali hausongwi." Nikamwambia nimepika kabla hajazaliwa. Basi nikachemsha maji, nikatia mchele, nikaona unalegea, nikachukua mwiko nikausonga vizuri sana, kwa nguvu, mpaka ukashikana. Kuni za huku ni mbaya, zinawaka kwa hasira, na chini ukaungua kidogo. Ulikuwa unakatika kwa kisu. Marita alichukua tonge akalirusha ukutani kuona kama litanata, na likanata, mpaka leo lipo.

Sahani ya mkwe ikapelekwa kibandani alikokuwa anakula na kaka yake. Mimi nimejibanza nyuma ya mlango nasikiliza. Nasikia vidole vinachimba sahani. Halafu kaka yake akasema, "Hii ni nini?" Na mkwe akasema kwa sauti kubwa, ili isikike mpaka jikoni: "Mbwa wangu, leo tumekula wali wa milimani. Huu ndio wali wa mtu anayekwenda safari. Ukila asubuhi, unafika jioni, bado uko nao."

Nilikasirika mpaka nikautafuta mwiko. Halafu nikakumbuka kwamba mwingine angeirudisha sahani imejaa. Sahani yake ilirudi tupu. Nikachungulia kuona kama mbwa ndiye aliyekula. Mbwa alikuwa amelala mbali, na hakuwa na punje mdomoni.

Tukaenda kanisani. Kanisa la hapa liko ng'ambo ya mto Momba. Asubuhi maji yalikuwa ya magotini. Eliza alibaki nyumbani na jirani anaitwa Mama Tabu, mwanamke mnene mwenye huruma lakini wa uzazi hajui kitu, anafunga macho tu na kuomba. Nilisema nitakwenda nirudi, uchungu haujaanza. Mkwe alitangulia, mbwa katikati, mimi nyuma kama hatua mia. Ndivyo tulivyokwenda. Kila alipofika penye tope au penye nyoka alipiga mluzi, nami nikajua nizunguke. Hakugeuka hata mara moja. Uliwahi kutembea mbele yangu ukajali mimi nakanyaga wapi?

Ibada ilikuwa nzuri, ndefu. Tulipotoka jua ni kali, mbingu safi kabisa, na tukasikia mto kabla ya kuuona. Mvua yenu, Baba Eliza! Mvua iliyonyesha huko juu kwenu usiku, ninyi mmelala mmejifunika, ndiyo iliyoteremka ikatufungia njia sisi ambao hatujaona tone. Maji mekundu, yanabiringisha magogo, upana umekuwa mara tatu. Mtumbwi wa kuvushia watu ulikuwa umekata kamba, umekwenda zake ziwani Rukwa. Watu wa kanisa wakakaa ukingoni, wanasema tungoje kesho, wengine wameshaanza kuimba tena.

Ndipo nikamwona Mama Tabu upande wa pili. Amekuja mbio, kitambaa kimemtoka kichwani, anapiga kelele na mikono yote miwili.

"Mama Eliza-a-a! Umeanza! Uchungu umeanza!"

"Tangu lini?" nikapaza sauti.

"Tangu mlipoondoka! Na ni mguu, mama! Nimeona mguu!"

Baba Eliza, wewe hujui maana ya mguu kutangulia, lakini mimi ninajua. Nimewapokea watoto wa wenzangu miaka mingi, na waliotanguliza mguu nawahesabu kwa majina, waliopona na wasiopona. Eliza alikuwa kule na mtu anayefunga macho. Nami nilikuwa huku. Nikaingia majini. Maji yakanipiga mpaka kiunoni, nikaanguka, wanawake wakanivuta. Nikawatukana. Mzee wa kanisa nikamtukana pia, nimeshamwomba radhi.

Mkwe alikuwa amesimama pembeni, mgongo kwangu kama siku zote, lakini mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka. Alikuwa na uwezo wa kuvuka peke yake, anaogelea kama wote wa huku. Lakini angevuka, angefanya nini kule? Aliyetakiwa kule ni mimi. Na kunibeba mgongoni mama mkwe wake, mbele ya kanisa zima, wewe unajua. Hata kuugusa mkeka wangu hawezi.

Akamwambia mbwa, haraka haraka: "Mwambie mama kuna njia ambayo mimi sitamgusa. Asiondoke hapo." Akakimbia. Mvua zikianza ng'ombe wao wasiokamuliwa wanahamishiwa upande huo wa kanisa kwenye kinyanyuko, zizi la huko haliko mbali. Akarudi na maksai mkubwa mweusi, pembe pana hivi, anamwita Sajini. Wachunga ng'ombe wa huku mto ukijaa wanavuka hivyo, wameshika mkia, ng'ombe ndiye anayeogelea. Sikuwa najua. Nilidhani amechanganyikiwa.

"Mbwa," akasema, "mwambie mama ashike mkia, auzungushe mkononi mara mbili. Asipige miguu, asipigane na maji, alale tu kama amelala kitandani. Sajini amevuka mto huu mara nyingi kuliko mtu yeyote. Mimi nitakuwa upande wa chini, na macho yangu yatatazama Rukwa."

Nikatazama kinu, kinu hakipo. Nikajibu jiwe. "Jiwe, mwambie niko tayari."

Nilijifunga kaniki vizuri, nikashika mkia. Mimi, mwanamke wa ukoo wangu, niliyebatizwa, nimeshika mkia wa ng'ombe mbele ya kwaya! Sajini akaingia, mbwa anaogelea nyuma yetu. Maji ni baridi, yanavuta kama watu wanaokugombania. Nililala kama nilivyoambiwa. Mkwe alikuwa pembeni, kichwa chake kimegeukia upande wa ziwa, anaogelea bila kunitazama, anamsemesha ng'ombe tu: haya baba, haya baba, taratibu. Tukafika katikati. Na katikati hapo gogo likapita, likanasa kaniki yangu, likanivuta, na mkia ukachomoka mkononi kama samaki.

Nikazama. Nikaibuka. Na nilipoibuka nikapiga kelele jina lake. Ndiyo. Jina la mkwe, kwa sauti yangu yote, watu wote wa Kamsamba wamelisikia, kwa hiyo sioni sababu ya kulificha kwenye karatasi.

"Yakobo!"

Akageuka. Akanitazama uso kwa uso, nami nikamtazama. Baba Eliza, mkwe wetu ana uso mwembamba, na kovu juu ya jicho la kushoto, na alikuwa ameogopa kama mtoto. Aliniogopa mimi kuliko mto. Lakini hakufikiri mara mbili. Alipasua ile kaniki kwa mkono mmoja, akanitupa mgongoni kwake kama gunia la mpunga, akashika nundu ya Sajini, na tukavuka hivyo, mimi nimemkaba shingo mpaka namsikia anakoroma.

Tulipofika ukingoni akanitua, akageuka, akaufunika uso wake kwa mikono, akakaa chini kwenye matope. "Mama, nisamehe," akasema. Mtu aliyekwenda vitani mpaka Bama!

"Nikusamehe nini, mpumbavu wewe!" nikamwambia. "Inuka! Washa moto! Chemsha maji! Na hilo koti lako nipe, niko uchi!"

Akainuka akakimbia. Koti akaliacha juu ya kichaka, hakunipa mkononi. Hata hapo.

Sitakuandikia mambo ya ndani ya nyumba, hayakuhusu. Nitasema tu kwamba nilifika kwa wakati, na kwamba Mama Tabu alifunga macho, na mimi sikufunga yangu. Eliza alipiga kelele, nikamwambia apige zaidi. Mikono hii unayosema ni mikali, inayokupa ugali mdogo, ilijua cha kufanya. Kabla jua halijazama mtoto alilia. Ni msichana. Mkubwa, mzito, amekasirika tangu siku ya kwanza, nadhani amenirithi.

Na sasa nakueleza neno lililonifanya niketi niandike barua hii. Yakobo alikuwa nyuma ya ukuta muda wote, analeta kuni, analeta maji, anaviweka mlangoni na kurudi nyuma. Mtoto alipolia, nikangoja. Nikasema sasa atauliza kama ni wa kiume. Nikamsikia anamwambia mbwa: "Uliza Eliza anapumua vizuri?" Tu. Hilo tu. Nikajibu anapumua. Akaenda kuleta kuni nyingine. Baadaye sana ndipo akauliza kama mtoto ni mzima, na wa kiume au wa kike hakuuliza kabisa, aliambiwa na Marita kesho yake.

Wewe Baba Eliza, nilipomzaa huyu huyu Eliza, ulisimama nje na kibuyu chako, na neno la kwanza lilikuwa, "Ni dume?" Sijasahau. Nimekaa nalo miaka yote hiyo, nikadhani ndivyo wanaume wote walivyo, kumbe ndivyo ulivyo wewe.

Siku tatu Yakobo hakuingia uani kwake. Alilala zizini, kwa sababu ya aibu ya kunigusa. Nilimtuma Mama Tabu amwambie asijitese, ile ilikuwa ajali. Akajibu kwamba ajali pia ina taratibu yake. Siku ya nne akaleta kuku mweupe wa kuondoa aibu na jembe jipya, akaviweka mlangoni, akasimama mbali amegeukia mto. Nikampokea kuku. Nilitaka kumchinja, lakini alikuwa ameshaingia jikoni akataga, basi nimemwacha. Nikamtuma tena Mama Tabu: kwa kuwa tumeshatazamana na jina nimeshalitaja, tuache kujificha, nimechoka kukimbia, nina umri. Akakataa! Mimi mama mkwe nimemruhusu, yeye anakataa. Akasema siku ya mkwe kulishwa na mama mkwe na kufunuliwa uso hufanyika kwa baba wa mke, uani kwake, mbele ya wazee. "Nikifanya hapa," akasema, "itakuwa kama nimeiba."

Ndipo nikamuuliza Eliza: mtu anayejua adabu hivi, mbona miaka mitatu hajapanda kutusalimu?

Eliza alikuwa ananyonyesha. Akaniambia, "Alipanda, Mama. Tulipomzika mtoto, alikuja na mtamba kuwapeni pole. Akafika mpaka kwenye ua. Akamsikia Baba anasema ndani, 'Aliyemzika mjukuu wangu asikanyage kwangu.' Akarudi na mtamba wake. Alinikataza nisiwaambie."

Je, ulisema hivyo? Usinijibu. Nilikuwepo, nilikuwa napepeta ulezi, nilikusikia. Na mimi nikanyamaza, kwa hiyo nami nina changu. Lakini changu nimeshakimaliza huku, nimemwomba radhi kupitia kinu, na amelia nyuma ya ghala, nimesikia. Chako bado.

Basi neno lenyewe ni hili: Eliza harudi. Mfanyabiashara wa ngozi atapanda na barua hii, punda wake atabeba ngozi, hatabeba mzigo wa mtoto wangu. Waambie ndugu zako waliokuwa wanatikisa vichwa. Kama kuna mgane yeyote aliyekwisha kuleta maneno kuhusu Eliza, maana nakujua unavyopenda kuahidi ukiwa kilabuni, mwambie atafute kwingine.

Nisalimie dada yako, shangazi yake Eliza, mwambie kikapu chake nilikiazima na mto umekichukua, asinililie. Nisalimie mdogo wangu Rode, aje kufunga kuku wangu jioni maana wewe unasahau. Msalimie mzee wa kanisa wetu, mwambie wa huku anaimba vizuri kuliko yeye. Mama wa mapacha, jirani yetu wa chini, mwambie dawa ya kikohozi iko chini ya kitanda changu, achukue mwenyewe, usimpimie.

Mto ukipungua na Eliza akipata nguvu, tutapanda sote: mimi, Eliza, Marita, na huyu mdogo ambaye bado hana jina. Yakobo amekataa kumpa jina. Anasema jina la mtoto huyu litoke kwa babu yake, kama utakubali kumtazama. Yeye atakuja nyuma yetu na mtamba wake, atasimama nje ya ua, ametupa mgongo, na hatasogea mpaka aitwe. Wa kumwita si mimi. Nimeshamwita mara yangu moja, na aliitika. Utatoka wewe, utavuka ua kwa miguu yako, utamshika mkono mbele ya ndugu zako wote na utamwambia karibu, mwanangu. Ukijifungia ndani na kusema goti linauma, nitageuka pale pale mlangoni na kuteremka nao, na ugali utajisongea mwenyewe mpaka ufe.

Mimi mkeo,
Mama Eliza, mwenye mkono wake